Simu Zinazopita Mlangoni kwa Kituku

Jumatatu, 3 Februari 2025

Leo nimempata Kituku. Mwenyewe hajui. Hapo ndipo penye utamu.

Wateja wangu wa Safina Cyber wananiponyoka. Nawapa kiti, nawapa maji baridi katika jua hili la Voi, nawasikiliza habari za wakwe zao. Kisha nawaona wakitoka ng'ambo ya barabara, kwa Kituku Digital, karatasi zimejaa kwapani. Wengine huinamisha kichwa wakipita mlangoni kwangu. Wengine hata hawainamishi! Mwalimu Obadiah aliniapia kwamba muhula huu hana kazi ya kuchapisha. Jana nimemwona na mitihani ya shule nzima.

Huyu Kituku ni kijana wa Kikamba mwenye adabu ya kuudhi. Kila asubuhi anavuka barabara kuja kuniamkia. Mtu na akili zake atavukaje barabara kumwamkia mpinzani? Ananidhihaki tu.

Basi nimeweka programu kwenye kompyuta kubwa ya kaunta, ile inayotoa wifi ya duka zima. Programu inatafuta kwa Bluetooth kila simu iliyo karibu na kunionyesha jina lake. Watu wa Voi hawafungi Bluetooth. Tena simu wamezipa majina yao kamili, utadhani wanaziandikisha shule. Simu inayosikika kwa nguvu iko kwangu. Inayosikika hafifu, na haiondoki, imekaa kwa Kituku. Hakuna tena wa kunidanganya.

Nimeiamuru itafute kutwa bila kupumzika. Mimi si mtu wa nusunusu.

Alasiri wifi ilisuasua. Mteja mmoja akanung'unika. Nikamwambia ni mawingu. Bahati mbaya akatoka nje kutazama.

Jumanne, 4 Februari

Siku kubwa. Mke wangu Saadiya ameniita jikoni, nyuma ya duka ambako tunaishi, akafunga mlango, akaniambia kuna posa. Waleed, kijana anayetengeneza mitambo ya ishara kwenye stesheni ya reli ya SGR, anamtaka binti yetu Nasiha. Baba yake Waleed ni marehemu. Aliyemlea ni ami yake, Mzee Sufian, yuko Maskati, na mguu wake umevunjika, hawezi kusafiri. Lakini Ramadhani inakaribia na hataki jambo lilale. Ataleta neno kwa video, Jumapili baada ya Alasiri, akiwa na wazee wenzake huko.

Saadiya akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba Kituku amesikia na amejitolea wifi yake kwa siku hiyo.

Nikasimama. Nikamwambia posa ya mwanangu wa pekee haitapita kwenye waya za Kituku, labda niwe nimezikwa. Itafanyika dukani kwangu, kwa intaneti yangu, mimi nimeketi mbele. Saadiya akauliza kama wazee wa Maskati watamposa binti wa watu katikati ya mashine za fotokopi. Nikamwambia tutaweka pazia.

Kisha nikamwita Nasiha, nikamuuliza kama anamtaka Waleed. Akainama, akanyamaza. Kwetu msichana akiulizwa hivyo akinyamaza, amekubali, na hakuna haja ya kumuuliza tena. Lakini Nasiha! Amesomea kompyuta chuoni miaka minne na hajawahi kunyamaza hata ninapokosea jina la kebo. Kunyamaza kwake kulinitia uchungu ghafla. Nyumba itakuwa kimya namna hii kila siku. Nikatoka nje kujifanya naangalia bango.

Mchana Mwalimu Obadiah alikuja kupiga picha ya pasipoti. Nikamuuliza kwa upole jana saa tano alikuwa wapi. Akasema shuleni. Nikamwambia simu yake ilikuwa kwa Kituku, imekaa pale mpaka adhuhuri. Mwalimu akatazama dari, akatazama chini ya meza, akaniuliza nani amenipa habari hizo. Nikatabasamu tu. Akaondoka bila picha.

Sasa naambiwa sokoni wanasema mimi, Mzee Bwanaheri, nimepata mganga wa kunifanyia mambo kutoka Tanga.

Jumatano, 5 Februari

Wifi inakufa! Inakuja, inakata, inakuja, inakata. Wateja wameondoka wote. Nimewaona kwenye orodha yangu wakihama mmoja baada ya mwingine kwenda ng'ambo. Angalau nimewaona.

Nimefikiri sana na jibu ni moja. Kituku ananirushia mawimbi. Amesikia habari za posa, amenunua mtambo, anataka kuniaibisha mbele ya wazee wa Maskati. Ndiyo maana ananiamkia. Anakuja kupima umbali!

Nikachukua hatua. Nikabandika karatasi ya foili, ile ya kufunikia kuku, kwenye ukuta wote unaotazama kwake. Haikutosha, nikaongeza masinia mawili ya Saadiya na vifuniko vya sufuria. Mama mmoja akaingia kuuliza mkate ni bei gani.

Jioni tukampigia Mzee Sufian ili kujaribu mitambo. Aibu! Nilimkaribisha kwa maneno mazuri niliyoyatunga tangu asubuhi, na picha yangu ikakwama Maskati kinywa wazi, jicho moja limefumba. Baadaye Waleed alimwambia Nasiha kwamba wazee waliuliza kama baba wa binti amewahi kupooza.

Nasiha alilia. Alisema ami yake Waleed ni mtu wa zamani, akiona mambo yanakwama ataona ni ishara mbaya na atavunja neno. Akasema nikiiharibu posa yake kwa sababu ya kiburi changu na Kituku, hatanisamehe. Nilitaka kumjibu kwamba ni kiburi cha Kituku. Nikamtazama uso, nikaacha. Sikula chakula cha jioni. Kwa kweli nilikula, lakini bila hamu.

Alhamisi, 6 Februari

Nasiha ameingia dukani asubuhi, amefunga mkono wa buibui kwa pini, amekaa mbele ya kompyuta kubwa na kuniambia nisiguse kitu.

Hakukaa sana. Akaniita, akaniuliza hii programu inayotafuta Bluetooth kutwa ni ya nini. Nikamwambia ni utafiti wa soko. Akasoma majina kwenye skrini. Akasoma jina la Mwalimu Obadiah. Akanitazama namna mama yake hunitazama nikisema sijaonja halua.

Kisha akanieleza. Wifi na Bluetooth, kasema, ziko kwenye kadi moja ndani ya kompyuta hii, zinatumia antena moja na masafa yaleyale. Zamu hupangwa na draiva, yaani programu ndogo inayoiongoza kadi. Mimi nimeamuru kutafuta bila kupumzika, na draiva hii ni ya kizamani, inatii tu. Inaipa Bluetooth antena, na wifi inasimama kando kungoja. Ni kama duka lenye mlango mmoja, kasema, na mwenye duka amesimama mlangoni kutwa anawaita watu wa ng'ambo kwa majina, huku wateja wake wamekwama nje hawawezi kuingia.

Nikamuuliza Kituku yuko wapi katika habari hii. Akasema hayupo. Nikamwambia aangalie tena.

Mimi nilidhani ataifuta programu. Nikamsihi. Akasema ataiacha, lakini itafundishwa adabu. Akafungua draiva yenyewe, mistari na mistari ya maandishi, akabadilisha hapa na pale, akaijenga upya. Sasa Bluetooth itasikiliza kidogo, ipumzike, isikilize kidogo. Na wifi ikiwa na kazi, Bluetooth inakaa kando kabisa. Tena itasikiliza tu, haitaita. Draiva ya zamani akaiweka pembeni, endapo mpya italeta shida.

Akawasha. Wallahi wifi ilitiririka! Nikapiga video kwa binamu yangu Mombasa, nikaona mpaka mba kichwani mwake. Nikambusu Nasiha kipaji cha uso. Nikamwambia nilijua tangu mwanzo ni draiva.

Akaniomba jambo moja. Nisiguse kitu mpaka Jumapili ipite. Nikamwahidi kwa jina la mama yangu.

Ijumaa, 7 Februari

Tumetoka msikitini, nimerudi dukani, wifi iko vizuri. Wateja wawili wamerudi. Nilipaswa kufurahi.

Lakini orodha! Orodha imekuwa mgonjwa. Wateja wakiwa kwenye intaneti, Bluetooth inapisha, haisikii kitu. Simu ya Mwalimu Obadiah ilijitokeza kwenye skrini wakati mwenyewe ameshapanda gari la Mwatate. Kwa Kituku palikuwa na watu wamejaa hadi varandani, nawaona kwa macho yangu, na skrini inaniambia hakuna mtu. Nimefanywa kipofu dukani mwangu. Tena na mwanangu.

Nikapekua mahali Nasiha alipohifadhi vitu vyake. Draiva ya zamani ilikuwepo pale, imeandikwa waziwazi kwamba ni ya zamani. Nikabonyeza, nikabonyeza tena, ikakubali. Mimi mwenyewe! Bila chuo! Majina yakamiminika skrini nzima na nikahisi damu imerudi mwilini.

Ahadi yangu haijavunjika. Nilimwahidi mpaka Jumapili ipite. Kabla ya Jumapili nitairudisha draiva yake, na atakayejua ni nani?

Jumamosi, 8 Februari

Usaliti. Nimekaa mbele ya skrini tangu kufungua, na saa nne jina likatokea hafifu, upande wa Kituku, likakaa. Waleed.

Mkwe wangu! Kwa Kituku!

Nikamkimbilia Saadiya. Alikuwa anashona pazia la kufunika mashine ya fotokopi. Nikamwambia posa ivunjwe, kijana hana uaminifu. Akaendelea kushona. Akasema Waleed huenda kwa Kituku kuzungumza na ami yake kwa sababu kwangu alijaribu akaambulia sauti ya chura. Akauliza nimejuaje Waleed yuko wapi, na Nasiha alisema kile kitu sasa hakioni mbali. Nikasema nilimwona dirishani. Akasema dirisha lote lina karatasi ya kuku.

Nikarudi dukani haraka.

Alasiri Kituku akavuka barabara amebeba bunda la kebo begani. Akaniamkia. Akasema hii ni laini ya akiba kutoka kwake mpaka kwangu, tukikwama kesho tuchomeke tu, na kwamba Nasiha ni kama dada yake. Nikamshukuru kwa kinywa, nikamrudisha na kebo yake. Nani anampa adui mwisho wa waya?

Nimejiandikia kiganjani kwa kalamu, herufi kubwa: RUDISHA DRAIVA. Kesho nikifungua tu mkono nitaona. Nikitaka mambo yangu yasisahaulike huyaandika mwilini, karatasi hupotea.

Jumapili, 9 Februari

Niandike haraka kabla sijasahau namna nilivyodhulumiwa.

Duka lilipendeza. Pazia jekundu mbele ya fotokopi, udi unafukiza, kaimati kwenye sinia (sinia nililibandua ukutani mwenyewe). Mimi na kanzu nyeupe, kofia ya vito. Saadiya kando yangu. Nasiha nyuma ya pazia kama inavyopasa. Programu yangu nimeizima kabisa. Sikuwa mjinga.

Nilitia udhu, nikaswali Alasiri, nikarudi nikaketi. Nikahisi kuna kitu nilitakiwa kufanya. Nikatazama kiganja. Kilikuwa safi, kimetakata, kinang'aa.

Nikasema haidhuru, lilikuwa jambo dogo.

Maskati wakaingia. Wazee wanne kwenye makochi, Mzee Sufian katikati, mguu na plasta yake juu ya mto. Picha safi! Sauti safi! Alisalimu, akamswalia Mtume, akaleta neno lake kwa utaratibu. Alisema hana mtoto mwingine, Waleed ndiye mwanawe. Akamtaka Nasiha kwa heshima na hisani. Nikajibu kwamba binti ameulizwa na amenyamaza. Wazee wote wakasema mashallah. Nyuma ya pazia nikasikia Nasiha akivuta pumzi.

Hapo ingetosha! Tungesoma Fatiha tukala kaimati.

Lakini Mzee Sufian akasema ana ombi moja kwa baba wa binti. Mguu huu hautapona kabla ya harusi, na anataka kuiona harusi moja kwa moja akiwa Maskati, yeye na jamaa wote. Kuna kijana hapo mbele yetu, kasema, Waleed amemsifu sana, kila siku humpa kiti na wifi na hataki malipo, anaitwa Kituku. Anaomba kazi ya kuirusha harusi apewe yeye. Baba unasemaje?

Macho yakanitoka pima. Nikageuka dirishani, pale karatasi ya kuku ilipobanduka. Kituku amesimama varandani kwake. Ameinua simu juu! Ameielekeza kwangu!

Basi nimemshika. Mtambo ndio ule, mkononi. Nikaona niwaonyeshe wazee ushahidi kwa macho yao. Nikainama kwenye kibodi, nikawasha utafutaji, kwa nguvu zote. Kisha nikasema.

Nilisema vizuri sana. Nilisema Kituku hataingiza hata skrubu kwenye harusi ya mwanangu. Nilieleza habari za mawimbi. Nilieleza habari za Mwalimu Obadiah. Nilisema kama ni lazima Kituku, basi na mnitafutie baba mwingine wa kuozesha. Niligonga meza, kaimati zikaruka.

Nilipomaliza nikatazama skrini. Mzee Sufian alikuwa ameshika kikombe cha kahawa karibu na midomo. Hakunywa. Hakukishusha. Wazee wenzake vilevile, wametulia kama picha ya ukutani.

Saadiya akanyoosha mkono wake uliojaa hina, akabonyeza, akazima utafutaji.

Maskati wakarudi kwa kishindo. Mzee Sufian alikuwa anafuta machozi! Akasema hajaona unyenyekevu wa namna ile tangu enzi za wazee wake. Baba ameulizwa juu ya harusi ya mwanawe, akainamisha kichwa, akanyamaza kimya, kwa muda mrefu, hakujibu hata neno. Leo wababa ni kelele tupu, kasema. Na kwetu aliyeinama akanyamaza amekwisha kukubali. Wazee wote wakasema alhamdulillah.

Nikafungua kinywa. Saadiya akasema alhamdulillah kabla yangu, kwa sauti ya kusikika mpaka stesheni bila waya wowote. Fatiha ikasomwa.

Niliinua mikono na wao. Nikalia. Nataka ieleweke nililia kwa sababu mbili. Ya kwanza ni Kituku. Ya pili ni kwamba nyuma ya pazia Nasiha naye alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo nikimbeba mabegani, na nikajua nimempeleka kwa watu wema. Sijui ipi ilikuwa kubwa. Leo nadhani ya pili.

Jumatatu, 10 Februari

Harusi ni baada ya Idi. Mji mzima unajua. Mwalimu Obadiah amekuja kunipongeza, akazima simu yake kabisa kabla ya kukanyaga kizingiti.

Kituku ameniamkia. Akasema ni heshima kubwa kwake, kesho atakuja nyumbani kupima mahali pa kupitisha waya, yeye na wasaidizi wake. Ikabainika pia kwamba jana alisimama pale varandani alasiri nzima, na ile kebo miguuni, akiangalia kwa simu kama wifi yangu bado iko hewani, ili ikifa tu avuke mbio. Nasiha ndiye aliyenieleza. Alidhani nitasikitika.

Sikusikitika. Niliona mbali zaidi. Mtu anayeweza kujua hali ya wifi yangu kutoka kwake, kesho ataingia mpaka sebuleni kwangu!

Nasiha amerudisha draiva yake. Ameifuta programu yangu, amebadilisha nywila inayofungulia draiva, na amesema hatanigombeza kwa sababu ni bi harusi. Akanionya kwamba hata nikichomeka kifaa cha Bluetooth cha pembeni, kikitafuta bila kupumzika karibu na ile kompyuta kitaipigia kelele wifi vilevile. Nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Mchana nimenunua vitatu. Vidogo, havizidi ukucha. Kimoja nimekichomeka nyuma ya kompyuta kubwa, viwili kwenye kompyuta kuukuu nyuma ya pazia la fotokopi. Programu ninayo nyingine, nilikuwa na nakala. Vyote vinatafuta kwa pamoja, bila kupumzika. Wasaidizi wa Kituku wakikanyaga hapa kesho nitawajua kwa majina, na wageni wa harusi wakitoroka kwenda ng'ambo nitawajua pia.

Jioni hii wifi imeanza kukatika. Inakuja, inakata. Nilijua tu! Hata siku moja haijapita, ameshaanza tena.

Nasiha ametoka ndani na simu mkononi, Waleed amekwama katikati ya neno. Akaniuliza kama nimewasha kitu. Nikainamisha kichwa, nikanyamaza kimya.

Hakuuliza mara ya pili. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya kompyuta, akapiga magoti, akaanza kuchomoa. Sijui nani amemfundisha huyu mtoto kwamba mtu akinyamaza amejibu.